Nani Kasema Pesa ya Ziwa Haikai?

Kuna maneno ambayo kila anayeishi Mwanga, hapa Kigoma, ameyasikia, na wengi tumeyasikia mpaka tumeyazoea. Yanasemwa Kibirizi asubuhi dagaa wakishushwa, yanasemwa ndani ya bajaji ya kwenda Ujiji, na siku hizi yanasemwa kwa kipaza sauti kwenye mafunzo ya ujasiriamali. Kundi moja linasema pesa ya ziwa haikai, kwa hiyo usijisumbue kuipanga. Kundi jingine linasema asiye na akiba hana utashi, kwa hiyo ajilaumu mwenyewe. Makundi haya yanadhani yanapingana. Nimeyasikiliza yote mawili kwa muda mrefu na nimeona yanasimama juu ya dhana moja: kwamba nidhamu ya fedha inakaa ndani ya moyo wa mtu, ama anayo ama hana. Dhana hiyo ndiyo ninayoikataa. Nitachukua hoja zao moja baada ya nyingine, nizieleze kama wenyewe wanavyozieleza, kisha msomaji apime.

Nianze na yenye wafuasi wengi zaidi: kipato cha ziwa hakitabiriki, na kisichotabirika hakipangiki. Wenye hoja hii hawasemi uongo. Leo mtumbwi unarudi umejaa, kesho unarudi mafuta yameisha na wavu mtupu. Upepo ukichafuka hakuna anayeingia. Mwalimu anajua tarehe ya mshahara na kiasi chake. Mvuvi anayelipwa kwa mgawo wa mauzo hajui hata kesho yake itakuwaje. Hayo yote nayakubali.

Lakini tuangalie kinachojulikana. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Taa, iwe karabai ya zamani au ya sola ya sasa, huwavuta dagaa kwa sababu imezungukwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa humezwa na mwanga wa mwezi, dagaa hutawanyika, na mitumbwi hukaa ufukweni. Jambo hili linajirudia kila mzunguko wa mwezi, siku 29 na nusu, na halijawahi kuruka hata mara moja. Mtoto wa Katonga anaweza kukutajia lini giza linaingia na lini mbalamwezi inaanza. Kwa hiyo mtu yuleyule anayedai hawezi kupanga kwa kuwa hajui atapata kiasi gani, anajua kwa uhakika kabisa ni siku zipi hatapata kitu. Mwajiri gani nchini ana tarehe za uhakika kama hizo?

Tupige hesabu ya mfano. Mvuvi anapata wastani wa shilingi 15,000 kwa usiku na anaingia ziwani usiku 20 katika mzunguko mmoja. Hiyo ni 300,000. Akiitumia yote inavyoingia, anaishi siku 20 kwa 15,000 na siku zilizobaki, tisa au kumi, kwa mkopo na kwa jirani. Akiweka theluthi moja ya kila mgawo, anaishi kwa 10,000, na siku ya mwisho ya giza ana 100,000 pembeni. Siku kumi za mbalamwezi zinapita kwa 10,000 ileile aliyoizoea. Nimesema theluthi kwa makusudi. Usiku wa 30,000 theluthi ni 10,000, usiku wa 6,000 ni 2,000, usiku mtupu ni sifuri. Kanuni ya sehemu haihitaji kujua kesho italeta nini, na hapo hoja ya kutotabirika inaishiwa nguvu.

Mwenzake asiyeweka anakopa 100,000 na kuahidi kurudisha 120,000 giza likirudi. Mwaka una mizunguko 12 na kidogo. Kwa 12 tu atakuwa amelipa 240,000 ili kuazima pesa iliyokuwa mkononi mwake siku chache kabla. Hicho ni chakula cha siku 24 cha familia yake, kimekwenda kwa mtu ambaye hakushika kasia. Wanaotuambia kwamba bajeti ni anasa ya wenye nacho wajibu swali hili: kati ya hawa wawili, wenye kipato kilekile na taa zilezile, nani anaishi kwa gharama kubwa?

Kama kutotabirika kungekuwa ndiko chanzo cha kukosa akiba, basi watumishi wenye mshahara wangekuwa salama. Hawako salama. Hapa Kigoma wapo walimu na wauguzi ambao tarehe ya mshahara inawakuta pesa yote ina mwenyewe. Tatizo lao ni kubwa kiasi kwamba Serikali imeweka kanuni kuwa makato ya mikopo yasimwache mtumishi na pungufu ya theluthi moja ya mshahara wake. Kanuni hiyo ni ushahidi mzito, na ajabu hakuna anayeutaja kwenye mafunzo. Watu wenye kipato cha uhakika, wenye vyeti, wenye kujua hesabu, wamehitaji uzio wa nje kulinda theluthi. Halafu tunamwambia mvuvi ajilinde kwa moyo wake mtupu.

Tuje kwenye laana. Wapo wanaosema, na wanasema kwa imani, kwamba pesa ya ziwa ina mkosi: inakuja usiku na inaondoka mchana. Ushahidi wao ni wavuvi waliovua miaka mingi na hawana hata kiwanja. Wavuvi hao wapo kweli. Ila wapo pia matajiri wa mitumbwi waliojenga, walionunua injini ya pili na ya tatu, wanaosomesha watoto kwa dagaa walewale wa ziwa lilelile. Laana gani hii inayochagua wabeba nyavu na kumruka mwenye mtumbwi?

Tofauti iko mahali pengine, na inaonekana ukisimama ufukweni asubuhi moja tu. Dagaa wakiuzwa, kabla mtu yeyote hajapewa chake, zinatolewa gharama: mafuta, chakula cha usiku, matengenezo. Halafu ndipo kinachobaki kinagawanywa kati ya tajiri na wavuvi kwa mafungu waliyokubaliana. Yaani bajeti ipo, ni kali, inafanyika hadharani, na hakuna mvuvi anayeilalamikia kwamba haiwezekani. Injini inatengewa fungu lake kwanza kwa sababu bila injini kesho hakuna ziwa. Kisha mvuvi anapokea mgawo wake taslimu, mkononi, mbele ya macho ya kila anayemdai, hatua chache kutoka kwa muuza bia, akiwa amekesha usiku kucha na hajalala. Mwenye mtumbwi pesa yake ina pa kwenda kabla haijafika. Ya mvuvi haina. Mtu huyu aliyekubali bila ubishi kwamba injini ilipwe kwanza hajawahi kuambiwa na yeyote kwamba siku za mbalamwezi nazo zinaweza kulipwa kwanza, kwa utaratibu uleule, kwenye daftari lilelile.

Sasa hoja ya wahamasishaji, wale wenye kipaza sauti kwenye mafunzo. Wanasema nidhamu ni tabia, na tabia mtu anaijenga utotoni au anazaliwa nayo. Asiye nayo ataendelea kuwa maskini hata ukimpa milioni. Wasomi kati yao wanataja jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambapo mwanasaikolojia Walter Mischel aliwapa watoto wadogo peremende na kuwaambia wakisubiri watapewa mbili. Waliosubiri, tunaambiwa, walifanikiwa maishani.

Wanaolitaja jaribio hilo wameishia nusu ya habari. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester walilirudia kwa namna nyingine. Kwanza mtu mzima aliwaahidi watoto vifaa vizuri vya kuchorea. Kwa kundi moja ahadi ilitimizwa, kwa kundi jingine haikutimizwa. Ndipo peremende zikaletwa. Watoto waliotimiziwa ahadi walisubiri wastani wa dakika 12. Waliodanganywa walisubiri tatu. Watoto walikuwa wa namna moja, ahadi ndiyo iliyotofautiana. Na mwaka 2018 uchunguzi mkubwa zaidi, wa watoto zaidi ya 900, ulionyesha kwamba hali ya nyumbani ikishawekwa kwenye hesabu, sehemu kubwa ya uwezo wa kusubiri kutabiri mafanikio inatoweka. Mtoto asiyesubiri huenda anajua vizuri kuliko mtafiti kwamba kwao kinachosubiriwa hupotea.

Kuna ushahidi mwingine kutoka Tamil Nadu, India, uliochapishwa nao mwaka 2013. Wakulima wa miwa 464 walipimwa uwezo wa kufikiri na kujizuia kabla ya mavuno, wakati wa ukata, na baada ya mavuno, pesa ilipoingia. Mkulima yuleyule alifanya vibaya kabla na vizuri baada. Kama nidhamu ingekuwa tabia ya kudumu isingebadilika na msimu. Mtu wa ziwani anaelewa hili bila kusomewa: maamuzi mabaya ya fedha, mkopo wa haraka, kuuza wavu, kuuza simu, mengi hufanyika mbalamwezi.

Tena wahamasishaji wanajipinga wenyewe mbele yetu. Mtu wanayemwita hana nidhamu anaingia ziwani jua likizama, kwenye baridi na mawimbi, anarudi alfajiri, na kesho anaingia tena. Mama wanayemsema hajui kutunza hata shilingi elfu tano nyumbani hajawahi kukosa kumpelekea kijumbe, mkusanyaji wa michango, fungu lake la mchezo wa kupokea kwa zamu. Huyohuyo, wiki hiyohiyo. Kama nidhamu ni tabia ya mtu, mbona anayo kwa kijumbe na hana chini ya godoro? Jibu ni kwamba kwa kijumbe kuna siku maalumu, kuna kiasi maalumu, na kuna wenzake tisa watakaojua asipopeleka. Chini ya godoro hakuna chochote kati ya hivyo.

Halafu wanagawa kanuni ya 50, 30 na 20: nusu kwa mahitaji, asilimia 30 kwa matakwa, 20 kwa akiba. Inatolewa kana kwamba imeshuka na mvua. Imetoka kwenye kitabu kilichotolewa Marekani mwaka 2005 na Elizabeth Warren, aliyekuwa wakati huo profesa wa sheria na baadaye akawa seneta, pamoja na binti yake Amelia Warren Tyagi. Waliwaandikia watu wenye mshahara uliokwisha kukatwa kodi, wenye mkopo wa nyumba na bima. Kwa kazi hiyo ni kanuni nzuri. Familia ya Mwanga inayotumia sehemu kubwa ya kipato kwa unga, mkaa, kodi ya chumba na sare za shule haina asilimia 30 ya matakwa ya kukata, na kuiambia imeshindwa mtihani ni kuipima kwa kipimo cha wengine. Kinachofaa kuchukuliwa pale ni kimoja: pesa itenganishwe kabla ya kutumiwa. Viwango kila nyumba ijiwekee, na iviweke kwa mzunguko wa mwezi wa angani kama inakula kwa mwezi wa angani.

Hoja ya soda na maandazi nitaipitia haraka. Acha kinachokugharimu 1,000 kwa siku, wanasema, na mwisho wa mwaka una 365,000. Hesabu ni sahihi. Ila mtu huyohuyo anayenyimwa chai na andazi baada ya kukesha ziwani anaachwa na mkopo unaomgharimu 240,000 kwa mwaka, na kadi za michango ya harusi zinazofika tatu kwa mpigo, bila neno. Anayetaka kuziba mtumbwi huanza na tundu kubwa.

Nazo kadi hizo zinatupeleka kwa ndugu, na hapa ndipo ninaposikia maneno mabaya kuliko yote. Hoja inasemwa kwa namna mbili. Ya kwanza: ndugu ndio wanaomaliza pesa, jitenge nao kama unataka maendeleo. Ya pili: anayebana pesa ana roho mbaya, amesahau walikomtoa. Nimewahi kuzisikia zote mbili kwa mtu mmoja katika mazungumzo mamoja. Ya kwanza akiwazungumzia wanaomwomba, ya pili akimzungumzia aliyemnyima.

Mji wetu ni wa watu wenye ndugu kila upande: Kasulu na Kibondo, Burundi, na ng'ambo ya ziwa Kalemie na Uvira. Ndugu huyo ndiye anayekulaza ukienda hospitali ya mbali, ndiye anayezika, ndiye anayetuma dumu la mawese nyumbani kwako kukiwa hakuna kitu. Mwenye kumwambia mvuvi asiye na bima wala pensheni kwamba akate ndugu anamwambia akate bima pekee aliyonayo. Hoja ya kwanza inaanguka hapo. Lakini ya pili nayo haisimami, maana mtu anayetoa chochote alichonacho kwa yeyote anayetangulia kuomba hatakuwa na cha kutoa siku msiba ukiwa mkubwa. Kutoa bila mpango kunamfaidi ndugu mwenye sauti kuliko ndugu mwenye shida.

Ushahidi bora ninaoujua kuhusu jambo hili unatoka karibu, magharibi mwa Kenya. Watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya kazi na watu ambao tayari walikuwa kwenye vikundi vya kuchangiana, na matokeo wakayachapisha mwaka 2013. Baadhi walipewa sanduku la chuma la kawaida, lenye kufuli, na ufunguo wakabaki nao wenyewe. Hakukuwa na riba, hakukuwa na adhabu, wala hakuna aliyewazuia kulifungua muda wowote. Akiba yao kwa ajili ya afya iliongezeka kwa asilimia 66. Walioanzisha mfuko wa afya ndani ya kikundi walifika mbali zaidi. Na kutenga pesa kwa jina la kazi moja maalumu kuliwasaidia hasa wale ambao marafiki na ndugu huwaomba mara kwa mara.

Tafakari matokeo hayo ya mwisho. Aliyeombwa sana hakuambiwa avunje undugu. Alipata neno la kusema: pesa hii ni ya hospitali. Ndugu anaelewa neno hilo, kwa sababu naye ana mtoto. Pesa isiyo na jina haina neno la kuitetea, na kila mwombaji ana haki ya kuamini ni ya kwake. Kwa hiyo fungu la ndugu liwepo, liandikwe, liwe na kiasi, na likiisha mtu aseme kwa heshima kwamba la mzunguko huu limekwisha, asubiri giza lijalo. Misiba hatuijui siku, lakini nani hapa Mwanga ameona mwaka unapita bila rambirambi? Mmoja mmoja haitabiriki. Kwa jumla inatabirika kama mvua za masika.

Kundi la wahamasishaji lina shauri lao: achana na upatu, mchezo na vikoba, ni mambo ya ushamba, havina riba, na watu wanadhulumiwa. Wanatukumbusha DECI. Na kweli, mwaka 2009 Watanzania wengi walipoteza pesa kwenye mpango wa DECI, walikoambiwa wapande mbegu na wavune zaidi. Machungu yale hayajaisha, na sitayapuuza.

Lakini linganisha. DECI iliahidi kwamba pesa itazaa bila biashara yoyote. Mchezo wa akina mama wa sokoni unakurudishia kile ulichochanga, bila nyongeza. DECI ilihitaji wanachama wapya wasiofahamiana ili iwalipe wa zamani. Mchezo una watu kumi wanaojuana mpaka milango ya nyumba, na hauhitaji mtu wa kumi na moja. Kuvitia vyote viwili katika jina la upatu na kuvihukumu pamoja ni kosa la kimantiki, na limewagharimu wengi chombo kizuri. Kuhusu riba: mama anayepokea 200,000 kwa zamu yake hakuwa akitafuta riba. Alikuwa akitafuta siku moja ambayo 20,000 kumi zinakuwa kitu kimoja, kabla hazijaisha moja moja.

Vikoba vimekwenda mbele zaidi. Ukitaka kuona nidhamu ikiwa imewekwa nje ya moyo, kaa kwenye mkutano wao. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, ambao hakuna kati yao anayelitunza sanduku. Pesa inahesabiwa kwa sauti. Hisa zinagongwa muhuri kwenye kijitabu cha kila mmoja, hata asiyejua kusoma anaihesabu mihuri yake. Mfuko wa jamii unatengwa kwenye bakuli lake. Utaratibu wa namna hii ulianzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, kwa wanawake wa vijijini wengi wao wasiojua kusoma, na umeenea nchi nyingi za Afrika bila kuhitaji mtu yeyote awe na moyo wa chuma. Sheria yetu ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeviweka vikundi hivi katika daraja la nne na kutaka vijisajili. Kama ni ushamba, ni ushamba unaotambuliwa na Benki Kuu. Dhuluma zipo, na tiba yake ni daftari, usajili na kufuli, na havihitaji mtaji.

Badala yake tunaambiwa tuweke kwenye simu. M-Pesa imekuwepo nchini tangu 2008 na imetuokoa na mengi. Sitamwambia mtu arudi kutuma pesa kwa dereva wa basi. Lakini tofautisha kutuma na kutunza. Pesa iliyo kwenye simu iko karibu kama iliyo mfukoni, na menyu ileile inayokuonyesha salio inakupa na mkopo. Anayetaka kuitumia simu kama kibubu ahakikishe ameiweka kwenye akaunti ya kikundi au ya muda, inayohitaji zaidi ya namba ya siri na dakika moja ya udhaifu. Na wenye kudai simu haina gharama wakumbuke Julai 2021, tozo za miamala zilipoanza, zikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo baada ya wananchi kulia.

Kuhusu mkopo wa simu, hoja yao inasikika vizuri: mtoto akizidiwa usiku wa manane, kibubu kina nini? Mkopo unaingia papo hapo. Kwa dharura ya kweli nakubali, na mzazi asiulizwe. Lakini mbalamwezi ni dharura? Ada ya Januari ni dharura? Idi na Krismasi ni dharura? Orodha ya mambo tunayoyakopea ikichambuliwa, mengi yana tarehe. Na soko lenyewe la mikopo hiyo halikuwa safi: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliorodhesha programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni na kuzipiga marufuku. Watu wameiita mikopo hii kausha damu, na hawakulitunga jina hilo wakiwa na furaha.

Imebaki hoja moja, na ni nzito kuliko zote, kwa sababu wenye kuisema waliiona kwa macho. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Miezi mitatu. Nidhamu ya nani, wanauliza, ingemlisha mtu siku 92?

Turudi kwenye hesabu ileile. Miezi tisa iliyobaki ina mizunguko kama tisa na robo, yaani usiku 185 hivi. Kwa 15,000 ni 2,775,000. Gawa kwa siku 365 unapata 7,600 kwa siku. Kwa hiyo mvuvi wetu wa mfano, anayeishi sasa kwa 10,000, angelazimika kuishi mwaka mzima kwa 7,600 ili asikope wakati wa kufungwa. Kwa kijana asiye na watoto inawezekana. Kwa nyumba ya watu saba, sidiriki kusema inawezekana, na anayesimama jukwaani kusema hivyo hajanunua unga Mwanga siku za karibuni.

Lakini hitimisho lao, kwamba basi kupanga ni kazi bure, halifuati. Anayeweka theluthi yake hawezi kufika siku ya 92, lakini hakutani na kufungwa kwa ziwa akiwa tayari na deni la mbalamwezi ya Aprili. Hilo ndilo linaloamua kama mtu anauza wavu wiki ya pili au anafika Agosti akiwa bado mvuvi. Na sehemu isiyowezekana kwa mtu mmoja ina wahusika wake. Tarehe ya kufunga ilijulikana mapema. Matajiri wa mitumbwi wanakata gharama ya injini kila asubuhi. Wanaweza, kwa ridhaa ya wavuvi wao na kwa maandishi, kukata fungu la Mei hadi Agosti palepale na kulipeleka kwenye akaunti ya kikundi. Halmashauri inaweza kusajili vikundi vya ufukweni mapema badala ya kusubiri Mei. Waandaaji wa mafunzo wanaweza kuyafanya Machi, ufukweni, asubuhi ya mgawo, wakiwa na daftari na sanduku la kufuli tatu, na kuliacha sanduku hapo wanapoondoka.